Tumbo Limejaa, Mwili Una Njaa

Mahindi yako yakianza kugeuka manjano kwenye majani ya chini, humwendei mganga. Wamwita Bwana Shamba, naye akuambia kwamba udongo umepungukiwa na naitrojeni. Lakini jirani yako mnywaji akipepesuka njiani asubuhi, wala hajaonja kitu tangu jana, watu husema ama bado amelewa, ama amerogwa. Mimi nasema kuna jambo la tatu la kutazama, nalo ni njaa.

Utaniuliza, njaa gani, na mtu huyu ana shamba, na ugali umefunikwa nyumbani unamngoja? Gramu moja ya kileo ina kalori 7, na gramu moja ya wanga wa mahindi ina 4. Kwa hiyo mnywaji hujisikia ameshiba, na ugali hulala pale pale. Lakini alichopata ni moto tu, bila protini wala vitamini. Kuni huchemsha maji, lakini hakuna mtu ashibaye kuni.

Tena, hata akila kidogo, pombe huzuia utumbo usichukue vitamini B1 vizuri, na ini lililoharibika haliwezi kuweka akiba. Akiba ya vitamini hiyo mwilini ni ndogo sana, huweza kwisha kwa wiki chache. Ubongo na mishipa ya fahamu haifanyi kazi bila hiyo.

Wazee watanijibu kwamba pombe ni chakula. Kwa busaa sina ubishi mkubwa. Hutengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi, na vitamini kiasi za nafaka hubaki ndani yake, ingawa mimi ningekunywa wimbi huo kama uji. Chang'aa ni habari nyingine. Pipa likichemshwa, kinachopanda pamoja na mvuke ni kileo na maji. Vitamini hazipandi, hubaki chini katika machicha. Ukimtupia nguruwe machicha hayo, nguruwe amekula kuliko wewe.

Mwaka wa 1881 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, aliandika habari za wagonjwa watatu. Macho yao hayakutembea sawasawa, miguu haikushika njia, na fikira zilichanganyika. Wote watatu walikufa. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu alikuwa msichana mshonaji wa nguo aliyekunywa asidi, akawa anatapika chakula chote. Huyo hakuwa mlevi! Wakati ule vitamini zilikuwa hazijajulikana, lakini leo twajua kilichowaunganisha watatu hao: walikosa vitamini B1.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo, na desturi ya kusema jambo mara mbili hainiachi. Basi nasema tena: mlevi huyo ni mgonjwa wa upungufu, kama mahindi yale. Chifu na askari wakimwaga mapipa, hiyo ni kazi yao, lakini kumwaga pipa hakumrudishii mtu vitamini. Twamwacha kando ya barabara, twamcheka, na siku za kumponya zinapita. Akicheleweshwa, kumbukumbu huharibika. Hukumbuka ya utotoni, lakini ya jana hayakumbuki, naye hujaza pengo kwa hadithi zisizotokea. Watu humwita mwongo, na yeye mwenyewe hajui kwamba anadanganya.

Kwa hiyo ukiona mnywaji wa miaka mingi anapepesuka bila kunywa, au anaona kitu kimoja kuwa viwili, au amechanganyikiwa, usingoje dalili zote zikutane. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, umweleze daktari kwamba mtu huyu hunywa sana na hali vizuri. Hupewa vitamini B1 kwa sindano, kwa kuwa utumbo wake hauaminiki. Wala msimfungie nyumbani ili aache pombe ghafula. Aliyezoea sana huweza kushikwa na kifafa akafa, na kuacha kwake kunataka uangalizi wa daktari.

Akirudi nyumbani ndipo kazi yako, mkulima, inapoanza. Mpe maharage, ndengu, karanga, mayai, na sukuma wiki isiyopikwa mpaka ikafa. Unga usagwe pamoja na kiini chake, kwa maana ukikoboa mahindi, sehemu kubwa ya vitamini B1 huenda na pumba. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya hutaka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini, lakini ule tunaosaga wenyewe kijijini hauongezwi kitu. Na maharage yale msiyauze yote sokoni wakati wa mavuno. Wekeni debe moja kwa ajili yake, na jingine kwa ajili ya watoto, ambao fedha za chakula chao ndizo zilizokuwa zikinywewa.