Marisau ya kanga hayaui nguruwe



Nataka kutoa maoni yangu juu ya nguruwe mwitu wanaotumalizia mazao, na hasa juu ya risasi zinazotumika kuwapiga. Kila msimu wananchi tunalalamika kwamba bunduki ni chache. Nionavyo mimi, uchache wa bunduki si taabu kubwa kama risasi zisizofaa.

Sisi wakulima wa Liwale tunalima mihogo, mahindi na karanga. Nguruwe mwitu huja usiku kwa makundi, na kundi moja likiingia katika shamba la mihogo huchimbua jasho la mwaka mzima kabla ya alfajiri. Watu hukesha madunguni wakipiga madebe, na watoto wanaokesha huko asubuhi husinzia darasani. Kwa hiyo jambo hili si la starehe ya wawindaji. Ni la chakula.

Sasa tutazame hutokea nini anapopatikana mtu mwenye bunduki. Mara nyingi huwa ni gobore lililoshindiliwa baruti na vipande vya misumari, au ni bunduki ya marisau yenye maganda yaliyonunuliwa kwa ajili ya kanga na kwale. Ganda la ndege hubeba mamia ya marisau madogo. Kila moja ni jepesi, hupoteza nguvu upesi, na likimpata nguruwe huishia kwenye ngozi na mafuta. Nguruwe mwitu aliyekomaa anaweza kupita kilo 70. Mnyama huyo hukimbia na vidonda, akafa pole pole porini au akapona akiwa mkali kuliko alivyokuwa. Jirani yangu mmoja alichanwa paja na nguruwe aliyejeruhiwa namna hiyo usiku uliotangulia.

Wapo wasemao kwamba kazi hii waachiwe askari wa wanyamapori, kwa kuwa wao wana bunduki kubwa. Nakubali waachiwe, lakini bunduki kubwa peke yake haitoshi. Risasi ya kijeshi hufunikwa madini magumu mpaka kwenye ncha ili isipanuke mwilini, kwani mataifa yalikubaliana huko The Hague mwaka 1899 kwamba risasi zinazopanuka zisitumike vitani. Kwa binadamu hiyo ilikuwa huruma. Kwa nguruwe ni kinyume chake. Risasi huingia upande huu ikatokea upande wa pili, ikaacha tundu dogo. Ngozi na mafuta huliziba, damu haidondoki, na anayemfuatilia hana alama ya kufuata. Risasi yenyewe huendelea na safari yake gizani, pengine kuelekea kwenye dungu la mtu mwingine. Ile risasi ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya tembo na nyati ina kasoro hiyo hiyo.

Inayofaa ni risasi yenye ncha laini, ambayo ikigonga nyama hupanuka kama uyoga, ikakata njia pana na bado ikawa na uzito wa kufika moyoni. Hata hapo kuna kupima, maana risasi nyepesi yenye mwendo mkali mno inaweza kuvunjika vipande kwenye mfupa wa bega kabla haijafika ndani. Kwa bunduki ya marisau, ganda lenye risasi moja nzima ndilo bora. Yale yenye marisau makubwa, kama 9 hivi kwa ganda, yatumike kwa karibu tu, hatua 25 au pungufu. Tena mpigaji ajue kwamba moyo wa nguruwe uko chini na mbele, kati ya miguu ya mbele. Akilenga katikati ya ubavu, atapiga tumbo.

Liko jambo jingine kwa wale wanaokula nyama hiyo. Lugha yetu haikukosea kuita risasi kwa jina la madini yake. Madini ya risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Risasi inayopanuka huacha chembe ndogo zisizoonekana kuzunguka jeraha, hivyo nyama ya sehemu hiyo ikatwe kwa upana na kutupwa. Siku hizi ziko pia risasi za shaba tupu zinazopanuka bila kumwaga sumu hiyo, ingawa bei yake ni ya juu.

Najua wengine watauliza nani atalipia. Katika vijiji vyetu vingi nguruwe haliwi. Mtu hawezi kununua ganda la bei kubwa kumpiga mnyama ambaye hatamla, ndiyo maana hutumia lile lililobaki baada ya kuwinda kanga. Lakini tujiulize: maganda 10 ya bei nafuu yaliyojeruhi nguruwe 10 wakarudi shambani, na risasi moja iliyomlaza mmoja papo hapo, ipi ni ghali?

Ombi langu kwa wahusika ni hili. Askari wanapotumwa kulinda mazao, wapewe risasi za ncha laini na si zile za tembo wala za vita. Wananchi wenye leseni waelezwe ganda lipi ni la ndege na lipi ni la nguruwe. Na kila msako ukiisha, iandikwe nguruwe wangapi wameanguka na wangapi wamekimbia na majeraha. Tukihesabu milio tu, tutaendelea kujisifu huku mihogo inaisha.

Mkesha Dunguni,
Liwale, Lindi.