Watoto wa Wambaa Watolewe Wakaisome Pemba

Mtoto wa Wambaa hupita chini ya mikarafuu asubuhi akienda skuli na jioni akienda chuoni. Msimu ukifika hukaa barazani na nduguze wakichambua karafuu mpaka usiku. Lakini akiulizwa kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba na si Unguja, huenda akanyamaza, na pengine mzazi wake naye. Jawabu lake lina mwaka. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Ya Pemba ikanusurika, na kuanzia hapo kisiwa hiki kikashika nafasi ya mbele katika zao hilo. Historia hiyo imesimama nje ya mlango, inasubiri mtu mzima wa kuisimulia.

Ndiyo sababu ya wito huu kwa wazazi, walimu wa skuli na wa madrasa, wavuvi na wenye magari wa shehia ya Wambaa: wakae pamoja wapange ziara za masomo za familia, walau moja kila likizo, na wazifanye kuwa jukumu la mtaa mzima. Zisiachiwe bahati ya mzazi mmoja mwenye uwezo.

Machi 2020, UVIKO-19 ulipofunga skuli nchini, kila nyumba iligeuka darasa kwa ghafla. Baba aliyezoea kuuliza tu kama mtoto amekwenda skuli akajikuta anaulizwa yeye. Skuli zilipofunguliwa, wengi walishusha pumzi na kuurudisha mzigo wote kwa walimu. Hapo pana fursa iliyopotea. Kwingineko, Nairobi kwa mfano, wapo wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani moja kwa moja, na baadhi yao hukusanyika kwa makundi kuwapeleka makumbusho, mashambani na viwandani, kwa kuwa mzazi mmoja hawezi kujua kila kitu. Wambaa haihitaji kuacha skuli ili kuiga jambo hilo.

Pa kuanzia ni Pujini, upande wa mashariki, kwenye magofu ya ngome inayohusishwa na mtawala Mkama Ndume. Ni ya karne ya 15. Wazee husimulia ukali wa mtawala huyo, na kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Mtafiti Adria LaViolette alichimba hapo katika miaka ya 1990 na kueleza juu ya chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa (baragumu) lililochongwa ukutani. Mtoto akisimama mbele ya boma lile ana kazi mbili za kufanya: kupima kwa hatua zake urefu wa ukuta, na kutenga katika daftari lake kilichosemwa na wazee na kilichoonekana na wachimbaji. Kazi ya pili ni ngumu kuliko mtihani wowote wa historia, na inafaa kwa mtoto wa miaka tisa kama inavyomfaa wa kumi na tano.

Siku hiyo hiyo, gari ikirudi kupitia Chake Chake, ipo makumbusho ndani ya ngome kongwe ya mji. Na kaskazini, karibu na Wete, ipo Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 iligunduliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na majina ya watawala wa mwambao wenyewe. Mtoto anayeambiwa kwamba biashara ya maana ilikuja na wageni anapaswa kulijua hilo mapema.

Kisha Kidike, kati ya Chake na Wete, kwa popo. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani. Mlango wa bahari kati ya Pemba na bara una kina kinachopita mita 800, na kisiwa kimetengana na bara kwa muda mrefu sana, ndiyo maana viumbe wake wengine wamekuwa wa peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hawa walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda, na hesabu ya mwaka 2007 ilikadiria takriban 20,000. Wataalamu walisaidia, lakini waliolinda miti ni majirani. Watoto wakawasikie majirani hao kwa midomo yao.

Wawi, kiwanda cha makonyo kitawaonyesha namna vikonyo vya karafuu vinavyotolewa mafuta. Ziara hiyo ni fupi, na ni vyema iombewe ruhusa mapema kwa barua. Barua hiyo waiandike watoto wenyewe.

Misali inataka maandalizi zaidi. Kisiwa hicho kidogo kilichoko magharibi kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 kikaingizwa katika hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba. Kasa na ng'amba hutaga mayai katika fukwe zake. Sheria peke yake iliposhindwa kuwashawishi wavuvi kuacha uvuvi haribifu, wahifadhi waliwaendea masheikh, na mafundisho ya Kiislamu juu ya dhamana ya mwanadamu kwa viumbe yakafikishwa kwa wavuvi. Hapo maalim wa chuoni na mwalimu wa sayansi wana somo moja la kufundisha kwa pamoja, ufukweni. Nafasi ya namna hiyo ni adimu.

Hata hivyo hakuna mtoto apande chombo bila jaketi okozi, na chombo kisipakie hata mtu mmoja zaidi ya uwezo wake. Pemba haijasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikitoka Unguja, imejaza kupita kiasi. Kujua kuogelea nako kuwe sehemu ya mpango, kwa wasichana pia. Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri, na wakufunzi wao ni wanawake. Wambaa ina ufukwe mzuri na mama wenye ari, na hakuna cha kuwazuia.

Gharama zipo, lakini zinagawanyika. Mwenye gari atoe safari moja kwa mwaka kwa bei ya mafuta tu. Kina mama wapike kwa pamoja badala ya kununua chakula njiani. Baraza la Vijana la shehia lisimamie orodha ya watoto na wasimamizi, mtu mzima mmoja kwa watoto wachache. Mchango uwe mdogo na uanze kukusanywa mapema, wakati karafuu zinauzwa na mfuko una kitu.

Orodha hiyo isiwe ya wanafunzi peke yao. Wapo watoto wanaokosa masomo msimu wa kuchuma, wapo walioacha skuli kabisa, na wapo wenye ulemavu wanaokaa ndani siku nzima kwa sababu njia ya skuli haiwafai. Hao ndio wa kuandikwa mwanzo, na gari ipangwe kwa kuwafikiria wao.

Sheha anaombwa aitishe kikao kabla ya likizo ijayo, baada ya sala ya Ijumaa ambapo watu wamekusanyika tayari, na kina mama wapewe sauti sawa. Ajenda iwe na mambo matatu tu: tarehe ya kwenda Pujini, mtu wa kuwasiliana na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na mweka hazina. Mzee yeyote anayejua masimulizi ya Mkama Ndume na aje siku hiyo ajitaje, ili nafasi yake ndani ya gari iwekwe.