Kijana Akitaka Urubani, Jeshi Si Njia ya Mkato

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, mpwa wangu alinifuata barazani na simu mkononi. Alikuwa akisoma habari za usajili wa Jeshi la Ulinzi (KDF). "Mjomba," akaniambia, "nataka kuwa rubani. Mama anasema atauza kile kishamba cha Kwale anilipie shule ya ndege. Mimi nimeona heri niingie jeshini, nifunzwe bure, kisha nitoke niende kwenye mashirika."

Nilimwambia anipe siku mbili tatu. Swali lake si lake peke yake. Nimelisikia Likoni, nimelisikia Malindi, na kila msimu wa usajili ukikaribia hurudi tena. Leo nataka kulijibu mbele ya wasomaji, maana kuna familia zinazoweza kupoteza ardhi na pesa kwa kukosa maelezo.

Tuanze na hesabu ya kiraia. Kupata leseni ya kurusha ndege binafsi kunataka saa zisizopungua 40 angani. Leseni ya biashara, ile inayomruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege, kwa njia ya kawaida hutaka saa 200. Ili awe nahodha wa ndege kubwa ya abiria atahitaji leseni ya juu zaidi, ambayo haitoki chini ya saa 1,500. Kila saa ina mafuta, mwalimu na kodi ya ndege, na yote hayo yanamhusu mwanafunzi. Jumla yake ni mamilioni ya shilingi kabla hajapata mshahara wa kwanza. Shule nyingi ziko Nairobi, hasa Uwanja wa Wilson, kwa hivyo mtoto wa Pwani anaongeza kodi ya nyumba na chakula cha ugenini. Dada yangu hata akiuza shamba lote, sina hakika kwamba pesa zitamfikisha kijana kwenye saa 200.

Kwa hivyo si ajabu macho yakageukia Jeshi la Wanahewa. Jeshi hilo liliundwa Juni 1964, na lina kambi kuu mbili: Moi Air Base kule Eastleigh, na Laikipia Air Base kule Nanyuki. Humo mna ndege za kivita, za mizigo na helikopta, na rubani wake hufunzwa kwa gharama ya serikali. Marehemu Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta Aprili 2024, alianza hivyo hivyo. Aliingia jeshini 1979, akawa rubani wa ndege za kivita, akapanda hadi kileleni. Na baada ya msiba ule, Mei 2024, Meja Jenerali Fatuma Ahmed akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza Jeshi la Wanahewa. Wale wanaowaambia mabinti zetu kwamba mambo ya ndege ni ya wanaume wana la kufikiria hapo.

Lakini kuna mambo matatu ambayo mpwa wangu hakuyajua.

La kwanza, kurutu si kadeti. Vijana wengi wanaopanga foleni uwanjani, wakipimwa urefu na uzito na kukaguliwa meno, wanaomba ukurutu wa kawaida. Njia ya rubani ni ya kadeti, yaani afisa, ambaye hufunzwa Chuo cha Kijeshi kilichoko Lanet, Nakuru. Kadeti anatakiwa alama za juu kuliko kurutu, na masomo kama Hisabati na Kiingereza hutazamwa kwa jicho kali. Na hata akifika, si kila kadeti anapelekwa hewani. Macho tu yanaweza kumrudisha mtu: asiyetofautisha rangi sawasawa hatapewa ndege. Kijana aliyekwenda kuomba ukurutu akidhani atapewa usukani atajikuta na bunduki na buti.

La pili, jeshi ni jeshi. Halikuundwa kuwa shule ya mashirika ya abiria. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na hapa kwetu Lamu watu wanaijua operesheni ya msitu wa Boni kuliko wasomaji wa Nairobi. Januari 2020 uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay ulishambuliwa alfajiri, na Wamarekani watatu wakauawa. Anayetia saini anakubali kupelekwa popote na kubaki kwa muda wa mkataba wake. Akiingia kwa nia ya kutoroka mapema atajiumiza nafsi yake na kuwachelewesha wenziwe.

La tatu, saa za jeshini hazigeuki leseni zenyewe kwa zenyewe. Rubani anayestaafu huenda kwa Halmashauri ya Usafiri wa Ndege (KCAA), akaonyesha kumbukumbu zake, akafanya mitihani na vipimo vya kiraia. Fundi naye vivyo hivyo. Ujuzi anao, na ni ujuzi mzito, lakini karatasi lazima aitafute. Aliyetunza kitabu chake cha saa tangu siku ya kwanza hupumua, aliyekipuuza hujuta.

Kuna jambo la nne, na hili linaniuma zaidi. Usajili wa KDF ni bure, na jeshi lenyewe hulisema kila mwaka. Hata hivyo vijana wamekamatwa Eldoret wakiripoti mafunzoni na barua bandia walizouziwa na madalali. Mtaani kwetu najua mama aliyetoa akiba ya miaka kwa mtu aliyejidai ana "mkono" ndani. Barua ilikuja, ina muhuri, na ilikuwa ya uongo. Kijana alirudi kwa aibu, na pesa hazijarudi hadi leo. Atakayekuomba hata shilingi moja, jua ni mwizi.

Basi nilimjibuje mpwa wangu? Nilimwambia: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama unaupenda uanajeshi wenyewe, omba ukadeti, na ukikosa kiti cha rubani usione umeanguka. Ndege moja inategemea mafundi, waongoza ndege, wataalamu wa rada, wa hali ya hewa na wazima moto. Fundi mwenye leseni ana soko Mombasa, Nairobi na hata Ghuba. Kama jeshi hulipendi, iko Shule ya Usafiri wa Ndege ya Afrika Mashariki pale Embakasi, ambako unaweza kuanzia kazi za chini ya ndege kisha ukapanda. Na shamba la mama yako liache.

Viongozi wetu nao nina neno nao. Pwani ina uwanja wa kimataifa Mombasa, ina Malindi, Ukunda na Manda. Kila siku watoto wetu huziona ndege zikipita juu ya paa zao. Basari za kaunti zinafika vyuo vikuu. Kwa nini zisifike mafunzo ya ufundi wa ndege? Na kabla ya usajili, kwa nini chifu na machifu wasaidizi wasihakikishe mapema kwamba kijana ana kitambulisho na vyeti vyake halisi, badala ya kumwacha arudishwe mlangoni kwa karatasi?

Mpwa wangu ameanza kukimbia alfajiri ufuoni. Jana alikuja kuniazima vitabu vya Fizikia. Dada yangu hajamwita mnunuzi tena.