Hisabu Zetu: Tupange au Tujenge?

Wanachama wengi wametutaka tutoe rai yetu juu ya jambo lililo mbele ya chama. Daftari zetu zitakapoingizwa katika kompyuta, je, tupange katika programu moja inayotumiwa na wateja wengi pamoja, au tuwekewe programu yetu peke yetu? Jambo hili si la makarani tu. Uzani wa karafuu za kila mwanachama, fedha alizokopa kabla ya msimu na fedha anazodai, vyote vitakuwa humo. Na wazee wetu walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

Kwanza yafaa tuzifahamu njia zote mbili. Programu ya wapangaji wengi ni mfano wa ghala moja kubwa. Programu ni moja, na mara nyingi hazina ya kumbukumbu nayo ni moja. Kila mstari wa hisabu hutiwa namba ya mwenyewe, kama gunia linavyotiwa alama. Karani wetu akifungua, huletewa mistari yenye namba yetu tu. Bei huwa nafuu, kwa kuwa gharama za seva na mafundi hugawanywa kwa wote. Na fundi akiziba tundu, huwa limezibwa kwa wapangaji wote. Programu ya peke yetu ni banda letu wenyewe: nakala yetu, hazina yetu, ufunguo wetu. Jirani akikosea, sisi hatumo. Lakini paa likivuja, ni letu.

Wako wasemao kuwa kuchanganya mali na watu tusiowajua ni khatari, na kwamba salama imo katika banda la peke yako. Hoja hii si ya kupuuzwa, lakini si kweli yote. Tarehe 2 Machi 2021, Microsoft ilitangaza matundu katika Exchange, programu ya barua ambayo ofisi nyingi huiweka katika seva zao wenyewe, ikatoa na viraka vya kuyaziba. Waliopanga barua zao katika huduma ya pamoja ya Microsoft hawakuguswa na matundu yale. Wenye seva zao ilimpasa kila mmoja atie kiraka kwa mkono wake, na makumi ya maelfu ya seva ziliingiliwa na wezi.

Wapangaji nao wana msiba wao. Mwezi wa Aprili 2022, Atlassian, kampuni ya Australia, ilipokuwa ikiondoa programu moja ya zamani, ilifuta kwa makosa sehemu za kazi za wateja 775. Hakuna mwizi aliyeingia, na nakala za akiba zilikuwapo. Taabu ilikuwa kwamba kumbukumbu za wateja wengi zilikaa pamoja. Kuirudisha nyuma hazina nzima kungewapotezea wapangaji wengine kazi yao ya siku zilizofuata. Ikabidi kuwatoa waliopotea kidogo kidogo. Wako waliongoja hadi siku 14.

Siku 14 bila daftari katikati ya mavuno si mchezo. Mchumaji hangoji, wala karafuu hazingoji.

Basi rai yetu ni hii. Chama chetu hakina fundi wa kukesha na seva, na banda lisilo na mlinzi halina faida kwa kuwa tu ni letu. Kwa hiyo twaona tupange. Lakini tupange kwa masharti, na masharti yaandikwe katika mkataba kabla ya senti moja kutoka.

Kwanza, mwenye programu atuonyeshe kwa vitendo, si kwa maneno, namna atakavyorudisha hisabu za mpangaji mmoja bila kuwagusa wengine, na aandike itamchukua siku ngapi. Pili, kila mwezi, na kila wiki wakati wa msimu, tupewe nakala kamili ya hisabu zetu, inayoweza kusomwa na programu nyingine, ikae katika sanduku la chama. Tatu, siku tutakayohama, tutoke na kumbukumbu zetu zote, na zilizobaki kwake zifutwe.

Chama kikikua hata kikaweza kuajiri fundi wake, shauri hili lifunguliwe tena. Hapana ubaya kujenga kwa mwenye uwezo wa kutunza. Kwa leo, twawaomba wanachama, litakapoletwa jambo hili mkutanoni, wasiulize bei peke yake. Waulize: siku ya msiba, daftari letu litarudi baada ya siku ngapi? Asiyeweza kujibu hilo asikabidhiwe hisabu zetu, hata akitoza nusu ya bei.