BINGWA ALIPWE, NA APEWE SAUTI

Februari 2016 akina mama walikuwa wakilala sakafuni wodi ya wazazi Muhimbili. Hayati Rais Magufuli alipofika, akaamuru jengo la ofisi za Wizara ya Afya lililokuwa jirani lihamwe ili wapate nafasi. Wananchi tukapiga makofi.

Lakini jengo lilikuwa palepale siku zote, na madaktari bingwa wa uzazi walikuwa wanaona. Kulikoni mpaka aje Rais? Kwa sababu bingwa hana sauti. Wenye sauti ni vigogo, ambao wake zao hawalali sakafuni.

Mwaka 2012 madaktari waligoma. Walidai mshahara wa kuanzia Sh 3,500,000, vifaa, na posho ya asilimia 40 kwa mazingira magumu. Serikali ikakimbilia mahakamani. Kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa na kuokotwa msitu wa Mabwepande.

Posho ile ilituhusu sisi wa Soitsambu. Bingwa gani ataacha mji aje Loliondo kwa mshahara uleule? Mama akishindwa kujifungua usiku, Arusha ni mbali, na damu haisubiri gari.

Tunasema: bingwa alipwe kwa ugumu wa mahali, awe na kura kwenye bodi ya hospitali, na hesabu za wodi zisomwe hadharani. Hapo mama akifa kwa uzembe, tutajua wa kumbana. Leo kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake, na tunaozika ni sisi.