Eti "wamezoea"!

1/7
Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na nina hasira. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Jana jioni ameletwa kijana anayebeba mizigo kwa baiskeli. Asubuhi alipandisha mfuko wa simenti wa kilo 50 kwenda kijiji cha mlimani. Akashuka. Saa saba mchana, jua la utosi, akapandisha wa pili. Amefika kwetu anatapika, misuli imekaza, mkojo mweusi kama chai ya strungi. Aliyemtuma kasimama mlangoni ananiambia, "Nesi, usihangaike sana, hawa wamezoea."

2/7
Wamezoea. Hebu tulishughulikie hilo neno leo.

Ufaransa kuna mbio za baiskeli zinaitwa La Marmotte, zilianza mwaka 1982. Wanaoshiriki wengi ni watu wa kawaida kabisa, wana kazi zao na familia zao. Kwa siku moja wanakwenda zaidi ya kilomita 170, na ukijumlisha vilima vyote wanapanda kama mita 5,000. Mlima mmojawapo, Galibier, barabara yake inapita juu ya mita 2,600. Wanajiandaa kwa miezi. Njiani kuna vituo vya maji na chakula, na watu wa huduma ya kwanza. Baiskeli zao nyingi hazifiki kilo 10. Wakimaliza wanavishwa medali, na sisi tukiona picha tunasema: hao ndio wanaume!

3/7
Sasa rudi nyumbani. Milima yetu unaijua. Wajenzi wa TAZARA, kutoka Mlimba kwenda Makambako, ilibidi watoboe mahandaki 18 ili treni ipite. Treni, ndugu yangu! Kwenye milima hiyo hiyo kijana wetu anasukuma baiskeli ya chuma isiyo na gia, simenti nyuma, ndala miguuni, kachupa kamoja ka maji ambako kameisha kilima cha kwanza.

Yule wa Ufaransa ni shujaa. Huyu wa kwetu "amezoea". Kwa nini? Jibu unalijua, sema tu hulipendi: kwa sababu ni maskini.

4/7
Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mbio kuu ya wanaume ilizidi kilomita 260, vilima mtindo mmoja. Walianza zaidi ya 160, waliomaliza ni 30 tu. Hao ni wale wanaolipwa kwa kazi hiyo, wana madaktari na magari nyuma yao. Zaidi ya 130 mwili ulikataa, wakashuka. Hakuna aliyewaita wavivu.

Wa kwetu akishuka katikati ya kilima, mzigo haujafika, hela hakuna. Kwa hiyo hashuki. Hapo ndipo tunapomharibu.

5/7
Najua mtaniambia, "Nesi, mwili si huzoea joto?" Kweli, huzoea. Ndani ya wiki moja au mbili mtu anaanza kutoa jasho vizuri zaidi, moyo unatulia. Lakini figo haizoei kukosa maji. Haijawahi.

Waulizeni wakata miwa wa Nicaragua na El Salvador. Vijana, hawana kisukari, hawana presha, figo zinakufa. Wataalamu wengi wanataja kazi nzito kwenye joto bila maji na mapumziko ya kutosha kuwa miongoni mwa sababu. Nao walikuwa "wamezoea". Sisi wa bonde la Kilombero, wenye miwa na mpunga na jua letu hili, tunasubiri nini?

6/7
Ninyi wenyewe wadogo zangu mnaopanda, nanyi nawasema. Acheni kumeza diklofenaki kabla ya safari "ili miguu isiume". Mwili umekauka, umeongeza na dawa hiyo, unaipiga figo kutoka pande mbili. Enaji si maji.

Beba maji ya kutosha, kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijakubana. Jasho likiwa jingi, tumia ORS. Huna pakiti? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kufuta, si vya mlima. Mkojo ukiwa mweusi, acha safari, njoo kituoni siku hiyo hiyo. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba juani, mpeleke kivulini, mvue shati, mmwagie maji na mpepee huku mkitafuta usafiri. Usimnyweshe kwa nguvu.

7/7
Na wewe mwenye mzigo, wewe hasa. Safari zianze alfajiri. Saa sita hadi saa tisa mchana hakuna kupanda. Weka ndoo ya maji safi dukani na mbili njiani. Akishindwa katikati, mlipe alipofikia. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya mazishi, na kwenye mazishi huwa mnachanga vizuri tu.

Kijana bado yuko wodini. Asubuhi hii mkojo umeanza kupungua weusi. Ameniuliza jambo moja tu, "Sista, baiskeli yangu iko wapi?" Nenda kamrudishie. Halafu uje umwambie mwenyewe kwamba amezoea.