Mbwa akinguruma, usimpige

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni katika nyumba moja Mbezi, Dar es Salaam. Mtoto wa miaka minne alikuwa anakimbiza mpira uani, mpira ukaenda kusimama karibu na sufuria ya Simba, mbwa wa nyumba hiyo, aliyekuwa anakula ugali na mabaki ya dagaa. Mbwa akanguruma. Baba akatoka na fimbo, akamcharaza. "Huyo ni mwanangu, humjui?"

Tukio hilo lilijirudia mara tatu zaidi ndani ya miezi miwili, na kila mara fimbo ilitoka. Baadaye ngurumo ikakoma. Familia ikaamini Simba ameshika adabu.

Siku mpira ulipoviringika tena hadi kwenye sufuria, Simba hakunguruma. Aling'ata. Mtoto alitobolewa mkono sehemu mbili, chini kidogo ya kiwiko.

"Ameng'ata bila onyo," baba aliwaambia majirani waliojaa getini.

Onyo lilikuwepo. Lilitolewa mara nne, na mara zote nne aliyelitoa alichapwa.

Mama wa mtoto alifanya jambo sahihi kabla ya kuuliza nani ana kosa. Aliosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha wakaenda hospitali, ingawa kadi ya chanjo ya Simba ilikuwa kwenye droo. Mbwa alifungwa peke yake ili aangaliwe kwa siku kumi. Kama ana kichaa cha mbwa na alikuwa anaambukiza siku alipong'ata, muda huo hautoshi yeye kubaki mzima.

Ofisa mifugo wa kata, kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wa mwenye nyumba, alifika siku ya pili. Alisalimia, akaomba kiti, akasikiliza hadithi yote mpaka mwisho.

"Mzee, kabla ya jana alikuwa ananguruma?"

"Zamani. Nilimtoa hiyo tabia."

"Basi ulimtoa kengele, mzee. Hasira imebaki ndani."

Wazazi wengi husikia ngurumo kama utovu wa nidhamu, kama mtoto anayemjibu mkubwa. Kwa mbwa, ngurumo ni namna ya kuepuka ugomvi. Anasema: naogopa, sogea, sitaki kukuuma. Akipigwa kwa kusema hivyo, hajifunzi kumpenda mtoto. Anajifunza kwamba mtoto akikaribia fimbo huja, na kwamba kunguruma hakusaidii. Kinachobaki ni meno.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya dodoso lililojazwa na wenye mbwa 140 waliokuwa wamepeleka wanyama wao kliniki kwa matatizo ya tabia. Miongoni mwa waliokuwa wamewahi kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Kwa waliotumia chakula kama zawadi, majibu ya namna hiyo yalikuwa nadra sana. Wale walikuwa watu wazima. Mtoto wa miaka minne uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa, na hajui kusoma masikio yaliyolala nyuma wala mkia uliokakamaa.

Panya wa Morogoro hawachapwi

Kuna wanaosema mafunzo ya upole ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa kwenye makochi. Waende Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hufundishwa kwa mlio mdogo wa "klik" unaofuatiwa na chakula, kwa mfano kipande cha ndizi. Akipatia, anasikia mlio, anakula. Akikosea, hapati kitu na kazi inaendelea. Mafunzo huchukua takriban miezi tisa, na hakuna anayechapwa.

Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo hapo Morogoro, akapelekwa Cambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa na taasisi ya PDSA ya Uingereza kwa mabomu aliyoyagundua. Ikiwa panya anafundishika kwa ndizi hadi watu wakaamini maisha yao kwa pua yake, mbwa aliyezaliwa uani kwako hawezi kushindwa kujifunza kukaa chini mtoto anapopita.

Kwa mbwa, ndizi inabadilishwa na dagaa. Dagaa mkavu asiye na chumvi anatosha, au firigisi iliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya hindi. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa havifai kabisa. Badala ya kidude cha "klik" mzazi anaweza kutumia neno moja fupi, "Safi!", lakini liwe hilo hilo kila siku na litamkwe na wote nyumbani. Siku mbili za mwanzo hakuna amri. Unasema "Safi!" na kutupa dagaa, mara kumi, kumi na tano, mpaka mbwa akilisikia neno anageuka kutafuta.

Halafu unasubiri. Akikaa mwenyewe, "Safi!" na dagaa. Neno lije sekunde ile ile, kwa sababu ukichelewa hadi anyanyuke, umemlipa kwa kunyanyuka. Vipindi viwe vya dakika tano, mara mbili kwa siku. Zaidi ya hapo mbwa anachoka, na mzazi anaanza kukasirika.

Baba wa Simba aliuliza swali ambalo wengi huuliza. Hiyo si rushwa? Ofisa mifugo alicheka. Mshahara pia huja baada ya kazi, na hakuna anayeuita rushwa.

Tatizo la sufuria lilianza kutatuliwa kwa hatua. Ya kwanza haikuhusu mafunzo hata kidogo: Simba alianza kulishwa nyuma ya banda, wavu umefungwa, mtoto akiwa ndani. Baada ya siku kumi kupita salama, mtu mzima alianza kupita mbali na sufuria, hatua tano hivi, na kila akipita anarusha kipande cha firigisi bila kusimama. Baada ya wiki kadhaa Simba alikuwa anainua kichwa kwa furaha akisikia nyayo. Mtu akikaribia chakula, chakula kinaongezeka. Mtoto hakushirikishwa katika zoezi hilo na hatashirikishwa. Mtoto mdogo na mbwa anayekula hawakai uwanja mmoja, hata mbwa awe mpole namna gani.

Kwa familia za Kiislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi na kuchelea mate yake, njia hii ina unafuu: haihitaji kumshika. Dagaa anarushwa chini, neno linasemwa kwa mbali. Na kufundisha mbwa si jambo geni katika dini. Aya ya nne ya Sura Al-Maida inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofunzwa na kuhalalisha wanachowakamatia watu.

Pua ikiongoza

Sehemu ya pili ya ushauri ndiyo iliyomshangaza baba zaidi. Simba alikuwa anafungwa mnyororo tangu asubuhi hadi saa nne usiku, kisha anafunguliwa kuzunguka ua ule ule anaoujua kila jiwe. Mbwa mwenzake, Popi, vivyo hivyo. "Hawa wanahitaji kutoka," ofisa mifugo alisema. "Mmoja mmoja."

Mmoja mmoja, kwa sababu mbwa wawili wakitoka pamoja wanapandishana. Mmoja akibweka, wa pili anaunga hata kama hajui kinachobwekewa. Kamba zinasokotana, aliyezishika anavutwa huku na huku, na hakuna kinachofundishika. Akitoka peke yake, mbwa anamsikiliza aliyeshika kamba na mtu anapata nafasi ya kumjua. Ndivyo mama wa nyumba hiyo alivyogundua kwamba Popi, aliyedhaniwa mkali, anaogopa bodaboda. Simba hana habari na bodaboda. Anayemsumbua ni mtu aliyebeba mzigo kichwani.

Matembezi yenyewe si gwaride. Mwaka 2019, Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha utafiti wa mbwa 20. Nusu walifanya zoezi la kutafuta chakula kwa kunusa, nusu zoezi la kutembea sambamba na mwenye mbwa, kwa wiki mbili. Baadaye waliwekewa bakuli mahali pasipoeleweka, kati ya upande ambao huwa na chakula na upande ambao huwa mtupu. Waliokuwa wakinusa walilikimbilia upesi kuliko awali, kama viumbe wanaotarajia mema. Wenzao hawakubadilika.

Mwaka mmoja baadaye kipimo cha bakuli kilitumika katika utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, uliohusisha mbwa 92 kutoka shule za mafunzo. Mbwa kutoka shule zilizotegemea sana adhabu walilisogelea bakuli la katikati kwa kusitasita, na baada ya mafunzo mate yao yalikuwa na homoni zaidi ya msongo. Mbwa wa namna hiyo anapoona mtoto anakimbia kuelekea kwake, ni vigumu afikirie mchezo.

Kwa hiyo mbwa akisimama dakika mbili kunusa shina la mwembe, mwache. Hapotezi muda. Anajua nani kapita, lini, na kama ni jike. Kamba iwe ya mita tatu hivi, ilegee, na ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Mnyororo shingoni unamkaba kila anapogeuka. Dakika 20 za kunusa taratibu zinamtosheleza kuliko kuburutwa nusu saa.

Muda mzuri ni alfajiri au jua likishazama. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Anajipooza kwa kuhema, na lami ya saa nane mchana inaunguza nyayo. Weka kiganja chako barabarani. Kama huwezi kukiacha kwa sekunde saba, mbwa naye abaki nyumbani.

Anayeshika kamba awe mtu mzima. Mtoto anaweza kutembea upande wa pili na kazi yake: kuhesabu miti iliyonuswa. Na kwa kuwa watu wengi mitaani wanaogopa mbwa, tena kwa sababu nzuri, fupisha kamba wanapopita na epuka njia ya shule au madrasa muda wa watoto kutoka. Mbwa koko wakitokea, usirushe mawe. Rusha dagaa chini upande wenu, geuza, ondokeni.

Siku ya mvua, tawanya chakula kwenye nyasi au kwenye boksi lililojaa karatasi zilizokunjwa, akitafute. Mbwa aliyehangaisha pua kwa robo saa hulala.

Wapo watakaosema mlinzi lazima awe mkali, ndiyo maana afungwe na alishwe pilipili. Mbwa hubweka kwa mgeni bila kufundishwa. Kinachotakiwa na nyumba yenye watoto ni mbwa anayebweka na kisha akanyamaza akiambiwa. Aliyefungwa miaka mitatu na kuchapwa hatofautishi mwizi na mtoto wa shangazi aliyekuja likizo. Isitoshe, kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Mafunzo hayaondoi chanjo. Kichaa cha mbwa huua watu takriban 59,000 kwa mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na karibu wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Mtu akiumwa au kuparuzwa, ni maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo, bila pilipili wala mafuta kwenye kidonda. Dalili zikishaanza, tiba karibu haipo. Watoto huficha wakihofia kuchapwa, hivyo waambiwe mapema kwamba kusema "mbwa ameniuma" hakuna adhabu.

Na mbwa aliyebadilika ghafla apimwe kwanza. Simba alipokaguliwa alikutwa na kidonda ndani ya sikio kilichotokana na kupe. Hakuna aliyejua alikuwa na maumivu tangu lini.

Jeraha la mtoto limepona, sindano zote amemaliza. Baba alitaka kumtoa mbwa, akaghairi kwa sharti la miezi mitatu. Simba anatoka kila alfajiri na mama, Popi anatoka jioni na baba, ambaye kwa wiki ya kwanza alikuwa akificha dagaa mfukoni asichekwe na vijana wa kijiweni. Sasa wao ndio wanaomuuliza, "Mzee, leo Popi kapata wangapi?"

Jumamosi iliyopita mtoto alipita na mpira karibu mno na banda. Simba akanguruma, kwa mara ya kwanza tangu wakati ule. Baba alikuwa amekaa barazani. Alisimama, mikono mitupu, akamwita mwanawe aje ndani.